Mtaa Uliovaa Sketi

4 Januari

Dada,

Mama hajambo. Jicho la kulia limeshafunguliwa bandeji, la kushoto bado, na daktari kasema asahau kusoma kwa miezi kadhaa. Umbo la mtu analiona, lakini herufi kwake ni sisimizi tu. Anashinda sebuleni kwangu na redio yake, na kila anayepita anamtaja kwa mlio wa ndara. Hakosei.

Sasa nisikilize. Uhamisho wangu umepitishwa. Kuanzia Aprili nitakuwa tawi letu la bima la huko kwenu, kazi ile ile ya kukadiria hasara, ila safari hii na gari la ofisi. Nimepata nyumba katika ule mtaa mpya nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Vyumba vinne, uzio, lami mpaka getini. Itakuwa nyumba yetu sote, Dada. Ili tuinunue, ya marehemu Baba lazima iuzwe. Najua itakuuma, maana ndiko unakoishi, na cherehani yako iko chumba cha mbele. Lakini nyumba ile imechoka, na hati ina jina la Mama peke yake. Uamuzi ni wake.

Na uamuzi wake ni huu, kwa maneno yake: "Sitii saini mpaka Fundi akaupime huo mtaa. Yeye akisema unakalika, mimi sina neno." Nikamwambia picha tunazo. Akasema picha hazina harufu.

Basi nenda ukatazame, uniandikie. Usipige simu, unamjua Mama na simu, husema "salama, salama" kisha huirudisha kana kwamba inamuunguza. Barua nitamsomea mwenyewe.

Mdogo wako


11 Januari

Kwako kitindamimba mwenye gari la ofisi,

Hali yangu ningekueleza kama ungeniuliza. Tuendelee.

Kabla ya yote, mambo mawili, na Mama ayasikie. La kwanza, mimi ni shahidi mwenye lake jambo. Nyumba ya Baba ikiuzwa, cherehani yangu inalala nje. Nikisema mtaa ni mbaya, utasema natia chumvi ili nisihame. Kwa hiyo nimepima kwa futi, na kila kizuri nilichokiona nimekiandika, hata kilichoniuma. La pili, barua hii naiandika kwenye kitabu changu cha vipimo, kile chenye kaboni. Unakijua. Mteja akinenepa huja kusema fundi kaharibu gauni, nami humfunulia nakala yenye kiuno chake cha siku ile. Wewe unapata karatasi ya juu, ya chini inabaki kwangu. Ni mazoea ya kazi, usinune.

Nilikwenda Jumanne. Dalali alinipokea kwa viatu vyeupe, nami nikaitazama barabara upya: mtu havai viatu vyeupe mahali penye vumbi.

"Mama mkubwa," akasema, "huu mtaa hata mbwa wanabweka kwa zamu."

"Na watu?"

"Watu hawabweki kabisa."

Ni kweli pametulia. Taka zinachukuliwa kila Jumatatu. Duka liko hatua mia moja na arobaini kutoka getini, na nimezihesabu kwa miguu ya Mama: nilitembea kama yeye, nikisimama kila baada ya hatua thelathini na kusingizia kwamba natazama maua. Katikati ya njia kuna kiukuta kifupi anachoweza kukalia. Jua la asubuhi linaingia jikoni. Chumba cha mashariki ni mita tatu na nusu kwa nne. Kitanda chake kinaingia na nafasi ya kupumulia inabaki. Sikufichi, niliona wivu, na mtu wa kumwonea wivu ni mimi mwenyewe nitakayeishi humo.

Sasa nisiyoyaelewa. Mtaa mzima umevaa sketi. Kila nyumba imepakwa rangi ya mafuta ya kahawia kuanzia chini, halafu inakatwa na mstari, na juu ya mstari ni nyeupe. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba barabara inateremka, na sketi hazilingani. Nyumba ya mwanzo imeifunga magotini, ya kati kiunoni, na za mwisho zimejifunga kifuani kama mtu anayetoka kuoga. Lakini ukisimama juu, ukafumba jicho moja, mistari yote iko usawa mmoja, kama imepigwa kwa chaki na uzi mmoja. Mimi nikipima pindo napima kutoka sakafuni. Hawa sijui wamepima kutoka wapi.

Nyumba yenu ni ya pili kutoka mwisho, na ndiyo pekee isiyo na sketi. Imepakwa rangi ya maziwa kote, juzi juzi tu, bado inanuka. Ndani, soketi za umeme ziko juu, kifuani kwangu.

"Ni mtindo mpya, mama mkubwa," dalali akasema. "Mtu hainami."

Nikamwambia mimi kuinama ndiyo kazi yangu, singejali.

Nitarudi peke yangu, bila viatu vyeupe pembeni. Wewe nijibu moja: kati ya vile vyumba vinne, cha Mama ni kipi na changu ni kipi? Nauliza ili nijue ninachopima.

Dada yako, Fundi


20 Januari

Dada,

Barua yako imetufurahisha kupita kiasi. Nilimsomea Mama baada ya chakula cha mchana, akanirudisha mara mbili pale pa hatua mia moja na arobaini. "Kasimama kila baada ya thelathini?" akauliza. "Huyo ananijua." Ile ya mbwa wa zamu aliicheka mpaka akashika jicho.

Maswali machache. Shule ya karibu iko umbali gani? Magari mawili yanapishana getini? Na ukuta wa jikoni, ule wenye dirisha, una urefu gani hasa? Ni mke wangu anauliza. Wewe na futi yako, usibahatishe.

Rangi za nyumba za watu zisitupotezee muda. Kila mtu na macho yake. Fanya haraka kidogo, muuzaji ana wateja wengine.

Mdogo wako


30 Januari

Mdogo wangu,

Shule ni dakika tisa kwa miguu ya mtoto asiyetaka kwenda. Magari mawili yanapishana, madereva wakiwa na adabu. Ukuta wa jikoni ni mita tatu na sentimita kumi na mbili. Mpe wifi salamu, na umwambie sikubahatisha. Majirani wanasalimiana, duka linafunguliwa mapema, na kuna daktari barabara ya pili. Nimeahidi kutaja mazuri, nimeyataja.

Niliuliza vyumba, hukujibu. Nimeliwekea alama swali hilo.

Hapa unaanza ukurasa wa pili, nao ndio barua yenyewe. Msomee Mama neno kwa neno.

Jumapili nilirudi bila dalali. Nikatembea tena ule mwendo wa Mama, hatua thelathini na kusimama. Katika nyumba ya mwisho, inayopakana na yenu, mwanamke mmoja mtu mzima akafungua dirisha.

"Wewe," akaniita, "goti linakuuma, au unatembea kwa niaba ya mtu?"

"Natembea kwa niaba ya mama yangu."

"Nilijua. Tangu ile Jumanne nakuchungulia. Ingia ndani."

Ni mkunga mstaafu. Anasema amezalisha nusu ya mji huu, na nusu yake wamekuwa wajinga bila msaada wake. Friji yake iko juu ya meza. Nikamuuliza imepandishwa cheo na nani.

"Na maji, mwanangu."

Kisha akanieleza yote. Mtaa ule wote ulikuwa mashimo ya kiwanda cha matofali. Udongo ulichimbwa miaka na miaka, halafu mashimo yakafukiwa, yakapimwa viwanja. Lakini bonde ni bonde. Yeye yuko pale mwaka wa tisa, na maji yameingia mara tatu. Hayaji kila mwaka, na ndiyo maana watu wanaendelea kununua. Yakija yanapanda kwa saa mbili, yanasimama, yanakaa siku nne. Yakiondoka yanaacha alama ukutani, usawa mmoja mtaa mzima, na wenye nyumba wanaifunika kwa rangi ya mafuta kwa sababu rangi hiyo tope lake linafutika. Hiyo ndiyo sketi. Soketi zimepandishwa kuyakimbia hayo hayo. Muuzaji wenu kaipaka nyumba yake yote Desemba. Nilikwenda kuitazama jua likiwa upande: mstari upo chini ya rangi ya maziwa, unapita kwenye mbavu zangu. Nimepima. Mita moja na sentimita nane. Mama akikaa kitandani, kichwa chake kiko hapo hapo.

Nikamuuliza mkunga mbona ananiambia, na yeye mwenyewe ana kibao cha "Inauzwa" getini.

"Mnunuzi angekuja na dalali ningenyamaza," akasema. "Mimi pia nataka kutoka hapa. Lakini nilikuona unasimama kila hatua thelathini, nikajua kuna kikongwe analetwa. Kikongwe siwezi."

Hukumu yangu ni hii: mtaa ni mzuri kwa mwenye miguu ya kukimbia. Kwa Mama haukaliki. Asitie saini.

Jingine dogo. Mkunga kasema mke wa mnunuzi ameshafika mara mbili tangu Desemba, pamoja na fundi wa makabati, wakipima jikoni. Kama makabati yalikuwa yanapimwa Desemba, mimi Januari nilikuwa napima nini?

Fundi


9 Februari

Dada,

Mama ametia saini jana. Tunakushukuru. Bila barua zako asingekubali, nami nitakumbuka hilo maisha yangu yote.

Tusigombane kuhusu maji. Nimesoma, sikupuuza. Nilimpigia dalali, akanihakikishia kwamba mtaro mkubwa umechimbwa mwaka jana na hadithi hizo ni za zamani. Watu wazima wanapenda kutisha, na huyo mkunga ana nyumba yake ya kuuza, huoni anataka kuua soko la jirani? Kazi yangu ni kukadiria hasara. Naijua hatari nikiiona. Mama nilimsomea yale ya maana. Kumtia hofu mtu mwenye jicho bichi si vizuri, hata daktari angesema hivyo.

Suala la vyumba. Watoto wamekua, hawawezi kulala pamoja, na mke wangu anahitaji chumba cha kazi zake. Mama tutakuwa naye. Wewe una ufundi mikononi, hukosi pa kukaa, na ukipanga karibu na soko wateja watakuwa wengi kuliko hapo kwa Baba. Nilisema nyumba yetu sote kwa maana ya kwamba mlango utakuwa wazi kwako wakati wowote.

Mnunuzi wa nyumba ya Baba anaitaka mwisho wa Machi. Usiache vitu vyako dakika ya mwisho.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Mimi nikimpunguzia mteja kitambaa, humwonyesha vipande nilivyokata. Wewe umekata barua yangu, na vipande umevificha chini ya meza.

Niliandika mazuri ili uniamini katika mabaya. Ukachukua mazuri, ukamvisha Mama. Alisema nikisema unakalika hana neno. Nilisema haukaliki. Kwa hiyo kasaini kwa mdomo wangu neno ambalo sikulitamka.

Nilitaka kumwandikia yeye barua yake mwenyewe, imefungwa kwa gundi. Halafu nikajiuliza atasomewa na nani. Nikapiga simu. Akapokea wifi, akampa Mama. "Salama, salama," Mama akasema, "tena asante mwanangu, nimekusikia kabisa," na simu ikarudi kwa wifi kabla sijavuta pumzi. Nilipopiga tena ilikuwa inachajiwa. Siku ya tatu ilikuwa inachajiwa pia. Simu gani hiyo yenye njaa namna hiyo?

Bado kuna njia moja. Mketishe umsomee ukurasa wa pili. Dakika nne tu, nimepima.

Vitu vyangu vitatoka kwa wakati. Ni cherehani, pasi, meza ya kukatia na kitabu.

Fundi


3 Mei

Dada,

Najua hukutaka kuniona siku ile nilipomleta Mama. Ulichukua mkoba wake, ukafunga mlango. Nilikaa ndani ya gari dakika ishirini nje ya duka la vifaa vya ujenzi, nikitazama dirisha la chumba ulichopanga juu yake.

Nataka ujue ilivyokuwa siku ya maji. Ilikuwa mchana, sote tuko kazini, watoto shuleni. Mvua ilikuwa mlimani, si hapa. Hapa palikuwa na jua. Nilipofika barabara ilikuwa imeshapotea. Makabati ya jikoni yamevimba kama mikate. Mama nilimkuta kwa mkunga, amekaa juu ya meza kando ya friji, miguu imekunjwa, redio kifuani. Kila nikifumba macho naiona ile meza.

Ungesisitiza, Dada. Ungekuja mwenyewe. Ulijua, na ukaridhika na kuandika tu. Dada mwenye uchungu na mama yake angepanda gari.

Lakini hilo tuliache, kuna la haraka. Nyumba niliiwekea bima ofisini kwetu. Faili kapewa mwenzangu wa dawati la pili, na anataka kujua kama mnunuzi alifahamu habari za maji kabla ya kununua. Akijiridhisha kwamba nilifahamu, silipwi, na huenda kazi nayo ikaenda. Aliyekagua nyumba ni wewe. Andika maelezo mafupi: ulifika Januari, ukapima, hukuona dalili yoyote ya maji. Mistari mitatu inatosha. Na zile nakala zako za kaboni, zichome. Hakuna mtu mwingine anayejua kama zipo.

Fanya hivyo kwa ajili ya Mama. Nyumba ya Baba haipo tena. Hii ndiyo pekee tuliyobaki nayo.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo, ingawa safari hii pia hukuuliza. Kifua kilichomshika baada ya maji kinapungua. Kitanda chake kimechukua nafasi ya meza ya kukatia, kwa hiyo nakatia vitambaa juu yake, naye ananishikia ncha. Jicho la kulia sasa linaona herufi kubwa za magazeti. Mwandiko wangu bado linaukataa.

Nyumba ya Baba nimepita juzi. Wamevunja ukuta wa mbele, ule wa chumba cha cherehani. Mvua yote hii, na kile kilima inaposimama hakijapata hata dimbwi. Sikumwambia.

Kuna jambo ulilolisahau katika barua yako, nami nimeambiwa na Mama. Wewe uliandika mvua na makabati. Yeye kaniambia alikuwa analala kile chumba cha nyuma, kinachoshukiwa kwa ngazi mbili, ambacho dalali aliniambia ni stoo na kwa hiyo sikukipima. Chumba cha mashariki kina meza ya kazi za wifi. Kaniambia alisikia maji yanaingia, akadhani ni wewe umerudi mapema na unafungua bomba. Akakuita kwa jina lako la utotoni. Ngazi alizipanda kwa magoti. Mkunga ndiye aliyevunja dirisha la jikoni, akamtoa.

Unasema ningesisitiza. Ningekuja. Kweli, ningepanda basi na cherehani kichwani, nikupigie kelele mlangoni, nawe ungemwambia Mama kwamba dada ana uchungu na chumba chake cha mbele. Tangu mwanzo ulikuwa na jibu hilo mfukoni, na mimi ndiye niliyekupa, kwa kusema ukweli kwamba nina langu jambo. Hata hivyo ningekuja. Sikuja. Hilo nitalala nalo mwenyewe, wala sikuombi unisaidie kulibeba.

Sasa maelezo unayoyataka. Nilifika Januari, nikapima, na nilichokiona nimeshakiandika, tarehe thelathini, ukurasa wa pili. Siandiki vipimo vya nguo moja mara mbili. Wewe kila siku unawaambia watu waliopoteza kila kitu kwamba wangesoma maandishi madogo. Yangu yalikuwa makubwa.

Kuchoma nakala umechelewa. Wala sizipeleki ofisini kwenu, usitetemeke. Mwenzako wa dawati la pili akija na swali nitamjibu kama ninavyomjibu mteja, kwa kufunua kitabu. Asipokuja, simfuati. Nakala zina mwenyewe tayari. Juzi Mama alisikia nikifunua kile kitabu, akauliza zile barua za mtaa ziko humo. Nikasema zimo. Akasema, "Nisomee, kuanzia mwanzo, polepole kama alivyosoma yeye."

Nikasoma. Pale pa mbwa wa zamu alitabasamu tena. Pale pa hatua thelathini akatikisa kichwa. Nilipofika kwenye sketi alisema, "Hii sikuisikia." Kwenye swali langu la vyumba akasema, "Wala hii." Ukurasa wa pili niliusoma wote. Dakika nne nilizopima zikawa saba.

Nilipomaliza, pasi ilikuwa imepoa. Mama akataka kalamu. Nikamwambia haoni, akasema ile saini aliiweka akiona hafifu kuliko hivi. Nimemshikia karatasi. Mstari umekwenda kombo, lakini unasomeka, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakuna aliyekaa katikati yenu. Huu hapa.

Fundi

*Mwanangu ulinisomea vizuri sana. Ulikuwa unaruka na hukujikwaa hata mara moja. Mama yako.*